Nilijidunga sindano ya dada yangu mwenye kisukari aina ya pili

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 36, na nimeishi na kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa na miaka 14. Miaka 22 ya kujidunga insulini, kila mlo na kila usiku, na sikumbuki siku hata moja niliyopumzika. Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo kwa siri na sasa sijui nalitengenezaje.

Dada yangu mkubwa ana kisukari aina ya pili. Mwaka jana daktari wake alimwanzishia semaglutaidi, ile sindano ya mara moja kwa wiki. Tangu hapo amepungua kilo 14, sukari yake imetulia, na insulini aliyokuwa akidunga usiku ameachishwa kabisa. Mimi uzito wangu unapanda tu mwaka hadi mwaka. Sukari ikishuka nalazimika kula hata kama nimeshiba, nikila nadunga, nikidunga zaidi naongezeka. Sasa nimefika yuniti 78 kwa siku. Daktari wangu nimemweleza habari ya uzito mara mbili. Mara zote mbili aliniambia nipunguze kula na nifanye mazoezi, nikatoka na karatasi ya vipimo vya miezi mitatu ijayo.

Dada akaniambia, "Mdogo wangu, sukari ni sukari. Jaribu yangu." Akanionyesha kwenye simu habari ya watu wa aina ya kwanza walioanza dawa hii wakaacha insulini. Nilichukua kalamu yake, nikafunga sindano mpya, nikajidunga dozi anayotumia yeye, miligramu 1.

Siku ya pili hamu ya chakula iliisha, nami nikafurahi. Siku ya tatu nilidunga insulini ya chakula cha jioni kama kawaida, nikala nusu sahani nikashindwa kuendelea. Saa nane usiku kihisi cha sukari kilianza kulia: 3.1. Nikatafuna vidonge vinne vya glukosi, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Dakika 15 zikapita, 2.9. Vidonge vinne vingine. Bado 2.9. Mume wangu aliamka akanikuta nimelowa jasho, macho kwenye simu. Ilichukua karibu saa nzima kufika 4.5, na alfajiri ikawa 15.

Wiki iliyofuata nikajidunga tena, safari hii nikapunguza insulini ya chakula. Nilitapika siku mbili. Kwa kuwa nilikuwa sili, niliacha insulini ya chakula, na siku ya pili sikudunga hata ile ya muda mrefu kwa kuogopa kushuka tena. Sukari ilikuwa 12, nikasema si mbaya. Lakini nilikuwa na kiu kali, tumbo linauma, nahema kama mtu aliyepanda ngazi. Nikakumbuka vijiti vya kupimia ketoni, ile asidi inayotoka mwili unapoyeyusha mafuta kwa kukosa insulini. Ikasoma 2.4. Nikadunga insulini, nikanywa maji kidogo kidogo, mpaka asubuhi ikawa imeshuka. Hospitali sikwenda.

Leo ni siku ya nane tangu sindano ya pili. Nimepungua kilo 3. Mume wangu anadhani nilikula kitu kibaya. Dada anasema nivumilie, mwili utazoea. Mimi na mume wangu tunataka mtoto wa pili kabla sijafika 38, na mwaka jana daktari wa macho aliniambia ameona vidoa vidogo vya damu nyuma ya jicho. Niendelee kwa dozi ndogo? Niache? Na je, dawa hii ni yetu sisi wa aina ya kwanza, au si yetu?

Mwenye Sindano Mbili

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma usiku, na nilipofika kwenye ile 2.4 niliiweka chini kwanza. Kabla ya kilo, kabla ya dada, kabla ya lolote, tuanze hapo, kwa sababu dawa bado imo mwilini mwako. Semaglutaidi hupungua nusu kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hiyo hata usipojidunga tena, na nakuomba usijidunge tena, itachukua kama wiki tano kutoka mwilini. Katika wiki hizo yale ya usiku wa saa nane yanaweza kurudi, na yale ya kutapika vilevile.

Basi shika hili. Insulini ya muda mrefu hupaswi kuiacha hata siku moja, uwe umekula au hujala. Dozi yake inaweza kupunguzwa, na hilo utaelekezwa na daktari, lakini kuikata kabisa, hapana. Ukitapika au ukijisikia kama siku ile, pima ketoni za damu hata kama sukari inakuridhisha. Chini ya 0.6 ni salama. Ikiwa kati ya 0.6 na 1.5, kunywa maji, rekebisha insulini kama ulivyofundishwa, na urudie kupima baada ya saa mbili. Ikivuka 1.5, piga simu kwa watu wako wa kliniki palepale. Ikifika 3.0, au ukishindwa kabisa kuweka maji tumboni, usipige hesabu za nyumbani: nenda hospitali na useme mlangoni, "Nina kisukari aina ya kwanza, nimedunga semaglutaidi, ketoni zangu ziko juu, na sukari yangu huenda isionekane mbaya."

Sentensi hiyo ya mwisho naisisitiza kwa sababu nimewahi kukosea mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, kabla ya sindano hizi kuenea, tulipokea hospitalini kijana wa aina ya kwanza aliyekuwa anatapika. Sukari 13. Tulitazama ile namba tukatulia, tukamweka kwenye benchi asubiri. Nilipoinama kumfunga mkanda wa presha ndipo pumzi yake iliponipiga usoni, harufu tamu yenye ukali, kama tunda lililoiva kupita kiasi. Na alikuwa anahema ndefu, bila kupumzika, huku amekaa tu. Damu yake ilishageuka asidi. Alikuwa amefanya vile vile ulivyofanya wewe: hali chakula, kwa hiyo hadungi insulini. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile mgonjwa wa aina ya kwanza anayetapika simtazami sukari peke yake.

Kinachotokea ni hiki. Usipokula, ini lako bado linamwaga sukari kwenye damu. Na mwili usipopata insulini kabisa hauwezi kutumia sukari hiyo, kwa hiyo unaanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, na mafuta yakiyeyushwa bila breki yanatoa ketoni. Kwa kuwa ulikuwa huli, sukari haikupanda sana, ikabaki 12. Ungekuwa umekula ingekuwa 25, ungeshtuka mapema. Dawa ile ilikuondolea dalili iliyokuwa ikikuamsha. Mwaka 2019 mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili: watu waliokuwa wakitumia dawa za jamii hii pamoja na insulini, insulini ikakatwa ghafla au kupunguzwa haraka mno, wakaingia kwenye asidi ya ketoni. Yamewapata hata watu wa aina ya pili, ambao kongosho lao bado lina uwezo wa kutoa insulini kidogo. Sasa wewe?

Jambo la pili, na najua hukulitegemea: kalamu. Umeniandikia kwamba ulifunga sindano mpya, na naona ulidhani hiyo ndiyo tahadhari yenyewe. Mtu anapojidunga, chembe za damu au za ngozi zinaweza kurudi nyuma kupitia sindano na kuingia kwenye dawa iliyomo ndani ya kalamu. Macho hayazioni. Ukibadilisha sindano, dawa ya ndani ni ile ile. Ndiyo maana kalamu ni ya mtu mmoja, hata kama ni ndugu wa tumbo moja, hata mume na mke. Mnahitaji kupima nyote wawili homa ya ini aina ya B na C, pamoja na virusi vya UKIMWI, na kurudia kwa muda mtakaoelekezwa. Na ile kalamu dada yako asiitumie tena. Najua inauma kutupa dawa. Aitupe.

Sasa tuje kwa maneno yake, kwamba sukari ni sukari.

Tumbo letu lina lugha yake na kongosho. Mtu akimeza glukosi, kongosho lenye afya hutoa insulini nyingi kuliko pale glukosi ile ile inapopitishwa kwenye mshipa. Wataalamu walilithibitisha hilo katika miaka ya 1960, na baadaye wakazipata homoni zinazobeba ujumbe huo kutoka utumbo: GLP-1 na GIP. Hizo ndizo zinazoitwa inkretini. Homoni ya asili inavunjwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kutengeneza inayodumu. Ya kwanza kupata kibali Marekani, eksenataidi, mwaka 2005, ilitokana na kemikali iliyogunduliwa kwenye mate ya mjusi wa jangwani mwenye sumu. Zikafuata liraglutaidi ya kila siku, semaglutaidi ya kila wiki, na tirzepataidi inayoigiza homoni zote mbili.

Kongosho la dada yako ni jiko lenye makaa yaliyofunikwa na majivu. Dawa inapuliza, makaa yanawaka, insulini yake mwenyewe inatoka, ndiyo maana ya usiku akaachishwa. Jiko lako, kinga ya mwili ilimwagia maji ukiwa na miaka 14. Unaweza kupuliza mpaka kesho. Baada ya miaka 22 huenda hakuna kaa lililobaki, na kama lipo, ni dogo mno kupikia. Kwa hiyo kazi kuu ya dawa ile kwa dada yako, kwako haipo.

Lakini, na hapa ndipo siwezi kukubaliana na wanaosema dawa hii kwenu haina maana yoyote, ina kazi nyingine tatu, na hizo hazihitaji makaa. Inatuliza glukagoni, homoni inayoliambia ini limwage sukari. Kwenu watu wa aina ya kwanza homoni hiyo hupanda baada ya kula wakati ilipaswa kushuka. Inachelewesha chakula kutoka tumboni. Na inaongea na ubongo, njaa inapungua. Kwa hiyo insulini unayohitaji inaweza kupungua kweli, na uzito pia. Hukujidanganya ulipoona kilo 3.

Ile kazi ya pili, ya kuchelewesha tumbo, ndiyo iliyokukalisha ukingoni mwa kitanda. Insulini ya haraka ulidunga kwa hesabu ya sahani nzima iliyotarajiwa kufika kwenye damu kwa wakati wake. Ukala nusu, na hiyo nusu ikakaa tumboni. Insulini ikafika, chakula hakipo. Kisha ukatafuna glukosi, nayo ikaingia kwenye foleni ile ile. Vidonge vinane vikafika baadaye pamoja na chakula, alfajiri ukawa 15. Na ulianza na miligramu 1! Dada yako hakuanzia hapo. Mtu huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, ndipo apandishwe hatua kwa hatua, ili tumbo lizoee. Wewe ulijipa mara nne ya dozi ya kuanzia. Kutapika kwako si udhaifu wa mwili unaopaswa kuvumilia, ni mwili kukataa mzigo ambao hakuna daktari angeubebesha siku ya kwanza.

Kwa wiki hizi zilizobaki, zungumza na kliniki kuhusu kupunguza insulini ya chakula, na kuhusu kuidunga baada ya kuona umekula kiasi gani badala ya kuitanguliza. Sukari ikishuka chini ya 3.9, tumia glukosi ya maji au ya jeli kuliko kitu cha kutafuna, gramu 15, subiri dakika 15, upime tena. Na omba glukagoni ya dharura iwepo nyumbani, ya sindano au ya kupuliza puani, kwa sababu yenyewe haipitii tumboni. Ila glukagoni haina faida kama yupo mmoja tu anayejua ilipo na mmoja huyo ndiye aliyezimia. Mume wako inabidi ajue. Yule mtu aliyeamka saa nane akakuta umelowa jasho hastahili kuambiwa ulikula kitu kibaya.

Ile habari ya kwenye simu naifahamu. Mwaka 2023 madaktari nchini Marekani walichapisha taarifa ya watu 10 wa aina ya kwanza waliopewa semaglutaidi. Ndani ya miezi mitatu wote waliacha insulini ya chakula, na ndani ya miezi sita 7 kati yao waliacha insulini yote. Ni kweli, haikutungwa. Lakini dada hakukusomea mstari unaobadilisha kila kitu: hao walikuwa wametoka tu kugundulika. Mtu anapogundulika, mara nyingi makaa hayajazimika yote, na insulini ikimpumzisha, kongosho linajikaza tena kwa miezi kadhaa. Madaktari hukiita kipindi hicho fungate. Unakikumbuka? Huenda ulikipitia na wewe ukiwa na miaka 14 au 15, yuniti zikashuka mpaka wazazi wakaanza kutumaini. Watu 10, bila kundi la kulinganisha nao, wote wakiwa karibu na fungate yao. Habari yao si yako.

Zilizo karibu na hali yako ni hizi. Mwaka 2016 yalichapishwa majaribio mawili makubwa ya liraglutaidi kwa watu wa aina ya kwanza, moja likiwa na watu karibu 1,400 kwa mwaka mzima. Kwa dozi ya juu walipungua karibu kilo 5 zaidi ya waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia, lakini HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, ilishuka kwa asilimia 0.2 tu zaidi. Kushuka kwa sukari kulikoambatana na dalili kuliongezeka, na sukari kupanda pamoja na ketoni kuliongezeka kwa dozi ya juu. Waliokuwa bado na insulini kidogo ya kwao wenyewe walifaidika zaidi. Mtengenezaji hakuendelea kuomba kibali kwa aina ya kwanza, na mpaka leo maelezo rasmi ya Ozempic, jina la kibiashara la semaglutaidi, yanasema si dawa ya aina ya kwanza.

Kisha mwaka 2025 likaja jaribio dogo la semaglutaidi, watu 72 wenye aina ya kwanza na unene, kwa wiki 26, dozi ikipandishwa hadi miligramu 1. Lengo lilikuwa gumu: sukari ikae kati ya 3.9 na 10 zaidi ya asilimia 70 ya muda, isishuke sana, na uzito upungue angalau asilimia 5, yote kwa pamoja. Waliofikia ni asilimia 36 kwa waliopewa semaglutaidi, na hakuna hata mmoja kwa waliopewa dawa bandia. Tofauti ya uzito ilikuwa karibu kilo 9. Mimi matokeo hayo yalinipa furaha ya kweli, kwa sababu nimeona wanawake wengi kama wewe wakilaumiwa kwa uzito unaotokana na kufukuzana na sukari. Lakini tazama walivyokuwa: wote walikuwa kwenye pampu zinazojirekebisha insulini zenyewe kwa kufuata kihisi. Sukari ikielekea kushuka, pampu inapunguza. Wewe una kalamu na usingizi wako.

Kwa hiyo swali lako, ni yetu au si yetu? Maoni yangu: kwa mtu wa aina ya kwanza mwenye uzito mkubwa na dozi kubwa ya insulini kama yako, inaweza kuwa msaada wa kweli kando ya insulini, na daktari ana haki ya kuifikiria hata kama ni nje ya kibali, mradi akueleze hivyo na akufuatilie kwa karibu. Ni msaidizi wa insulini tu. Na zile habari nzuri za figo na moyo unazozisikia kuhusu semaglutaidi, majaribio yenyewe yaliwahusu watu wa aina ya pili au wasio na kisukari kabisa, kwa hiyo usiahidiwe kwa jina lako.

Lakini wewe, mwanangu, kwa sasa una mambo mawili yanayosimama mbele yake.

Jicho kwanza. Sukari ikiteremshwa haraka, hasa ikiwa ilikuwa juu muda mrefu, jicho lililokwisha kuathirika linaweza kuharibika zaidi kabla ya kutengemaa. Katika jaribio kubwa la semaglutaidi kwa aina ya pili lililochapishwa mwaka 2016, matatizo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho, yaliwapata asilimia 3.0 ya waliotumia dawa, na asilimia 1.8 ya waliopewa dawa bandia. Wewe una vidoa tayari, na hujaniambia kama umerudi kupimwa tangu mwaka jana. Rudi mwezi huu, uwaambie ulichodunga.

Halafu mtoto. Semaglutaidi inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kujaribu kushika mimba, na wakati wa kuitumia unahitaji kinga ya uhakika. Mara nyingi uzito nao hurudi dawa ikiachwa. Una miaka 36 na umeniandikia kabla ya 38. Ningekuwa mama yako mzazi ningekuambia mtangulize mtoto: fanya kazi na kliniki kuishusha HbA1c taratibu kuelekea chini ya 6.5 kama inawezekana bila kushuka-shuka, macho yaangaliwe kwanza kwa sababu mimba nayo huyasukuma, na habari ya sindano ya wiki irudi mezani baada ya kumaliza kunyonyesha. Ukichagua kinyume, kuanza dawa mwaka huu na kumsubirisha mtoto, sitakulaumu, uzito pia una sehemu yake katika mimba salama. Lakini uchague pamoja na mumeo na daktari, si kwa sababu kalamu ilikuwa kwenye friji ya dada.

Kuhusu daktari wako. Kukuambia mara mbili upunguze kula, bila kutazama kwamba unakula kwa sababu sukari inashuka, halikuwa jibu la kutosha. Safari hii nenda na karatasi. Juu yake andika tarehe mbili za sindano na dozi, 3.1 ya saa nane, 2.4 ya ketoni, yuniti 78, na kilo ulizoongeza kwa miaka. Chini yake maswali: je, dozi yangu ya insulini ni kubwa kuliko ninavyohitaji, ndiyo maana nashuka na kulazimika kula? Naweza kupimwa C-peptaidi kuona kama nina insulini yangu iliyobaki? Ninaweza kupata pampu? Kuna historia ya kongosho kuvimba, mawe ya nyongo au saratani ya tezi ya shingo kwetu inayonizuia dawa hizi? Huenda akafoka kidogo ukimwambia ulidunga dawa ya mtu. Mwache afoke, amalize, kisha urudi kwenye karatasi. Akikataa hata kuisoma, omba kupelekwa kwa bingwa wa homoni. Hiyo ni haki yako. Na usije ukaamua kununua mwenyewe mtandaoni: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu Ozempic ghushi iliyokamatwa katika nchi kadhaa.

Swali la kwanza kwenye orodha ile nimelitanguliza kwa makusudi. Yuniti 78 zinazokushusha usiku na kukulazimisha kula zinaweza kuwa zimezidi, na kuna watu niliowaona wakianza kupungua pale tu insulini yao ilipopangwa upya, kabla ya dawa yoyote mpya.

Dada yako usimgombeze. Alikupa alichokiona kikimsaidia, kwa upendo, na huenda anaamini bado. Mkalishe, msomee kipande cha kalamu na kile cha makaa, kisha mpange siku ya kwenda maabara pamoja. Mume wako mwambie usiku huu, kabla ya kulala, na mwonyeshe namna ya kutumia glukagoni mara ikifika. Nami niandikie ukishaonana na daktari wa macho. Nitakuwa naisubiri barua hiyo.

Mama Mshauri